Kanga Niliyomvalia Mwalimu Wako

Zuwena mwanangu,

Hali yangu huna haja ya kuiuliza, maana uko chumba cha pili na unanisikia ninavyokohoa. Na yako mimi siulizi, kwa sababu hata nikiuliza hunijibu. Siku ya tatu leo hutoi sauti. Bi Lorena, mwalimu wako, amekuandikia kwamba mkifika tu Italia una mtihani wa kuimba mbele ya walimu wa chuo, basi usiimbe, usiseme, unywe maji ya vuguvugu na ulipumzishe koo. Na wewe umemtii kuliko ulivyowahi kunitii mimi tangu nikuzae. Ukitaka chumvi unaonesha kwa kidole. Ukitaka kuniambia jambo unaliandika kwenye simu na kunisogezea, nami nitafute miwani. Mtoto anaondoka kwao kesho alfajiri, na siku zake za mwisho nyumbani amenyamazishwa na mwanamke aliye Sur anafunga masanduku yake. Loo! Nina wivu, Zuwena. Nalisema mapema ili usije ukalitafuta katikati ya barua.

Basi na mimi nimeshika kalamu. Mambo ya swala, ya chakula cha halali, ya jaketi na soksi za sufi, baba yako na shangazi zako wamekwambia mpaka masikio yamekuchoka, sirudii. Nataka kukujibu lile uliloniandikia jana jikoni. Uliandika, "Mama, utakuja Maskat kuniaga uwanja wa ndege?" Nikakwambia goti linaniuma. Ukanitazama. Ulijua, na mimi nilijua kwamba unajua, kuwa ni goti lile lile lililouma siku ulipoimba ukumbini Maskat nikabaki nyumbani. Goti langu halina ugonjwa wowote. Linauma kila panapokuwa na Bi Lorena, na kesho mnasafiri pamoja, na huko kwao utakaa nyumbani kwake.

Kwanza tuelewane: sauti hiyo si yake. Sauti ni ya bibi yako Moza, Mungu amrehemu. Mamangu alikuwa akiimba katika harusi za mjini Unguja, na tulipohamia huku Ibra aliendelea kuimba katika sherehe za wanawake mpaka meno yakaisha. Mimi nilikuwa binti yake wa pekee, na ile sauti ikanipita hivi hivi. Nikifungua mdomo tu ananambia, "Salma mwanangu, wewe pika." Nikapika. Ulipozaliwa wewe ukaangukiwa nayo yote. Akikupakata sebuleni, akikufunza kuvuta herufi moja na kuizungusha mpaka pumzi ikwishe, na mimi niko jikoni na mwiko nawasikia mnacheka. Nilikuoneeni wivu tangu wakati ule. Kwa hiyo huyu Mtaliana asidhani yeye ndiye wa kwanza, amekuta foleni.

Tulikutana naye Sur, kwenye harusi kwa shangazi yako. Mumewe alikuwa mhandisi kwenye kiwanda cha gesi, wakikaa nyumba ya tatu kutoka pale, akaalikwa kama jirani. Wewe ukaimba kasida. Nilimwona akiweka chini kijiko cha haluwa. Ulipomaliza akapita katikati ya wanawake, kanyaga huyu, kanyaga yule, mpaka tulipoketi, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza ni nani aliyemfunza msichana huyu kupamba sauti namna hii. Nikasema bibi yake. Akasema kuna nyimbo kongwe za kwao, za karne na karne, zinatafuta koo kama hili na hazilipati. Mimi mwenyewe hakuniuliza najua nini.

Nikakubali kukupeleka kwake usome. Baba yako alisema, "Ya Salma, nyimbo za Kitaliana zitamfaa nini?" Nikamjibu zitamfaa kuliko kushinda na simu. Ndiyo, ni mimi niliyekubali. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kila Jumamosi tukitoka Ibra baada ya chai, Bidiya, Kamil, mpaka Sur, wewe unapasha sauti na mimi nimeshika usukani. Siku nzima inaishia njiani. Kwake niliketi sebuleni, kiti cha karibu na mlango, na ule mlango wa chumba cha kinanda ulikuwa unaachwa nusu wazi kwa heshima yangu. Kile kinanda, nakiri, nilikipenda. Nilidhani ni piano ya kawaida, kumbe ndani yake nyuzi hazigongwi, zinadonolewa na vijikucha vidogo. Mara ya kwanza kukisikia nilishtuka: kanuni hii, ala yetu ya nyuzi! Kanuni kama ile iliyokuwa ikipigwa nyuma ya bibi yako, ila imefungiwa sandukuni na kutiwa vibao vya kubonyeza. Na nyimbo zenyewe zina mwendo wetu. Unaimba sehemu ya kwanza waziwazi, unapita ya pili, kisha unarudi mwanzo, na safari hii huruhusiwi kuimba kama ulivyoimba kwanza. Ni lazima uipambe. Bi Lorena alikuwa akikueleza hilo kama siri kubwa ya kwao. Mimi pale mlangoni nasema moyoni, we mama, hilo mtoto kalijua kabla hajang'oka meno.

Tatizo likawa maneno. Ni nyimbo za mapenzi, sawa, hata zetu ni za mapenzi. Lakini hizi wanaopendana ni miungu. Siku nilipolifahamu hilo nikasema astaghfirullah, nikaingia mle ndani bila kubisha. Bi Lorena akanikalisha, akanitilia kahawa. Akanambia hao hawaabudiwi na mtu yeyote tangu zamani na zamani; ni hadithi tu za Wayunani na Warumi wa kale. Watunzi wa kwao walizipenda kwa sababu ukiimba mapenzi ya mtu wa mtaa wa pili utagombana na wenyewe, lakini ukimsingizia mungu wa hadithini, unasema lote ulitakalo. Hapo nilimwelewa. Kwetu mtu akitaka kusema huvaa kanga yenye fumbo. Wao wanavalisha miungu. Nikarudi kwenye kiti changu.

Tangu siku ile nikawa nasikiliza hadithi. Majina yao hayakai kichwani mwangu, ila wenyewe nawajua wote. Yupo yule aliyemkimbiza binti msituni kwa mapenzi, mpaka binti akaona bora awe mti, akawa mti kweli, na mwanamume akabaki amekumbatia magome. Yupo binti wa mfalme aliyewasaliti wazee wake kwa ajili ya mgeni. Mgeni akaondoka naye, wakalala kisiwani, binti akaamka peke yake. Huo ndio wimbo wako mkubwa. Chini yake kinanda kinashuka ngazi nne, kinapanda, kinashuka tena ngazi zile zile, tangu mwanzo mpaka mwisho, na juu yake binti anamwita yule mwanamume, anamlaani, anaifuta laana, anamwita tena. Na yupo mke wa mkubwa wa hiyo miungu. Huyo ndiye wangu mimi.

Mumewe hatulii! Leo kajigeuza fahali, kesho bata wa majini, keshokutwa mvua ya dhahabu, mradi amfikie binti wa watu. Na mkewe akisema neno, ati yeye ndiye mbaya wa hadithi. Walioachwa wamepewa nyimbo za polepole za kuliza watu, mwenye wivu kapewa kupiga kelele, noti mbio mbio, watu wamcheke. Jumamosi moja sikuweza kujizuia. Nikamuuliza Bi Lorena kwa Kiingereza changu cha skuli, kwa nini huyu bibi hapewi hata wimbo mmoja wa kulia? Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akafikiri. Akatuwekea sahani ya muziki usio na mwimbaji, kinanda na fidla mbili, sehemu ya polepole iliyo katikati ya mbili za haraka. Fidla moja inaanza kusema, ya pili inaidaka kabla haijamaliza, zinasuguana mpaka unahisi meno yanauma, halafu zinaachana. Akanambia, "Huu hauna hadithi. Tumpe yeye." Nilikasirika siku ile njia nzima, kwa sababu nilianza kumpenda.

Na yupo yule mwimbaji aliyefiwa na mkewe, akashuka kuzimu kumfuata, akaimba vizuri hata wafu wakamhurumia. Wakamrudishia mke kwa sharti moja: mke atakuja nyuma yake, naye asigeuke kumtazama mpaka watoke nje. Akageuka. Wewe ulisema garini, "Mjinga! Si ameambiwa asigeuke tu? Hii kitu ni ngumu nini?" Leo nakujibu.

Tulipooana tulikaa Izki, baba yako akifanya kazi ofisi ya serikali pale. Ikawa kila Jumatatu anachelewa kurudi, na kanzu ina vumbi. Jirani akanambia kamwona mjini Bahla. Bahla ana nani? Sikumuuliza. Wiki nzima nilinusa kanzu zake, nikatazama viatu vyake, na Jumatatu ikifika nikavaa baibui nikakodi teksi. Nilimkuta kwenye kiwanja cha mfinyanzi, kachuchumaa, anacheka na mwanamke. Nikaingia na maneno yangu yote niliyoyapanga tangu Izki. Kumbe yule ni mke wa mfinyanzi, mtu mzima, na baba yako ana kijiti mkononi anachora mchangani umbo la chetezo. Chetezo cha Unguja, kama cha mamangu kilichovunjika siku ya kuhama. Mfinyanzi alikuwa amekosea mara kadhaa, na kila Jumatatu baba yako alirudi kumchorea upya, nami nisijue mpaka kikamilike.

Hakukasirika. Alisimama tu na kile kijiti. Chetezo kilimalizika, ndicho hicho tunachofukizia udi sebuleni. Lakini tangu siku ile baba yako hajaniletea kitu nyumbani bila kuniuliza kwanza. Hata kitambaa cha kichwa: "Salma, rangi gani?" Ningevumilia Jumatatu moja zaidi, pengine angekuwa ananishtukiza mpaka leo. Kwa hiyo yule mwimbaji usimwite mjinga mbele yangu. Nakwambia na wewe una damu hiyo, nimeiona, ulivyokuwa ukiichungulia simu ukitaka kujua nani kasoma na hakujibu.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Kwetu Unguja mama hamfunzi bintiye mambo ya mapenzi. Ni haya. Mama anakufunza kupika mkate wa kumimina, kusoma, kuswali. Lakini habari za mwili na moyo na mume ziko kwa somo. Ukishavunja ungo, mama anakuchagulia mwanamke mmoja mwenye akili na siri, anampelekea sinia la kanga, udi na haluwa, anamwambia, nimekupa mwanangu umfunze. Huyo ndiye somo wako. Unamwambia yale ambayo mamako hatayajua mpaka aingie kaburini, na mama hana ruhusa ya kuuliza. Wangu alikuwa Bi Kidawa wa Malindi. Mamangu hakuwahi kuniuliza nampenda nani, wala sikuona kasoro, kwani Bi Kidawa alikuwa anajua kila kitu.

Wewe sikukuchagulia. Watu wa baba yako hapa Ibra hawana mila hiyo, nikaona haya kuianzisha peke yangu. Palikuwa na bibi mmoja wa kwetu, akikaa Nizwa, nikasema nitampelekea sinia mwakani. Mwakani akafa. Nikasema nitatafuta mwingine. Wewe ukapita umri, na mdomo wangu ukabaki umefungwa na mila ambayo nusu yake sikuitimiza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema. Ulimwengu wako ukaja na kinanda.

Jumamosi ile ulikuwa unauimba wimbo wa binti wa kisiwani. Bi Lorena akakusimamisha. Nikamsikia anakuuliza, sauti ya chini, "Zuwena, unamwimbia nani?" Akauliza tena. Mwanangu, ukaangua kilio. Ukamwambia yote: yule kijana wa Bidiya uliyesoma naye Nizwa, alivyokuahidi, na mamake alivyomposea binti wa ami yake, naye akakubali bila hata kukupigia simu. Mwaka mzima ulikuwa nalo jambo hilo. Mimi niko hapo nje na kikombe cha kahawa mkononi. Mimi, ninayejua ukipiga chafya kama ni mafua au ni pilipili! Sikujua. Nikaona kwenye uwazi wa mlango kichwa chako kimelala juu ya paja la mwanamke mwingine, naye anakupitisha mkono kwenye nywele. Kisha akakwambia, "Basi sasa imba." Ukasimama ukaimba, na mimi sijawahi kusikia kitu kama kile.

Ningeingia. Ningekaa chini pamoja nanyi, hata bila ya kusema neno. Badala yake nilikaa pale pale nikaungua, na Jumatano nikaenda soko la wanawake, kwa yule mama anayeleta kanga za Unguja. Nilipekua rundo zima. Sikuwa natazama rangi, nilikuwa natafuta maneno, na nikayapata: MLEZI CHUKUA ASANTE, MWANA ANAYE MWENYEWE. Nikalipa bila kuomba apunguze.

Unaikumbuka Jumamosi iliyofuata. Nilivua baibui mlangoni kwake, nikajitanda ile kanga, nikajigeuza taratibu ili maneno yakae mgongoni yasomeke vizuri. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuudhi humwendei na mdomo, unamvalia. Mjini Unguja mwanamke angesoma, angejua, na wiki ya pili angekuja na yake ya kunijibu. Mimi, kwa akili zangu timamu, nikamvalia fumbo mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili! Bi Lorena akapiga makofi. "Nzuri sana! Imeandikwa nini?" Na hakuniuliza mimi, alikuuliza wewe.

Nilikuona unasoma. Midomo ikitembea, masikio yakiwa mekundu. Ungeweza kudanganya, ungesema imeandikwa karibu mgeni, tukaishia hapo. Lakini ukamfasiria neno kwa neno, macho yako kwangu. Yeye akaitazama ile kanga. Halafu akanijibu mwenyewe kwa kile Kiarabu chake kibovu, ili usiwe wewe katikati yetu. Alisema, "Ni kweli. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Huyu ni wako." Akaniinamishia kichwa na kusema "shukran", kwa sababu kanga ilimwambia achukue asante. Kisha akenda kuniletea kahawa kama kila Jumamosi. Nilitamani sakafu inimeze.

Tulirudi mpaka tulipopita Kamil. Hapo ukalipuka. "Maneno hii uliitafuta wapi?"

"Maneno haya," nikakusahihisha. Hata hapo, Zuwena!

Ukapiga kofi dashibodi. "Mama, miaka mbili unakaa pale mlangoni. Miaka mbili! Kwa nini hujaniuliza mimi hata siku moja?"

Hiyo miaka mbili niliiacha ipite. Nikasema, "Si kazi ya mama."

"Basi kazi ya nani?"

Nilikaza macho barabarani mpaka Ibra. Jumamosi iliyofuata nikasema goti linaniuma, baba yako akakupeleka, na tangu hapo akawa yeye. Ndivyo nilivyokuadhibuni, wewe na yeye, nikiwa nimekaa nyumbani najiadhibu mwenyewe. Ulipoimba Maskat, baba yako alirudi macho yamevimba. Akasema, "Wallahi ya Salma, sikufahamu neno hata moja, lakini nimelia kama niliyefiwa." Nikamwonea wivu hata yeye. Mtu asiyetofautisha udi wa kupiga na ndoo amekusikia, na mimi niliyekuendesha miaka yote ile sikukusikia.

Basi jibu lako ni hili: nitakuja. Nitakaa kiti cha mbele, kwenye usukani, na baba yako akae nyuma na masanduku.

Sinia liko tayari, nimelifunika juu ya kabati, na ndiyo sababu tangu asubuhi unasikia harufu ya udi. Kuna haluwa ya Nizwa, udi, na doti moja ya kanga ambayo maneno yake nimeyasoma na kuyarudia; ni ya dua tu, unaweza kumfasiria bila kuona haya. Nitamkabidhi pale pale uwanja wa ndege, mbele za watu, na wewe utafasiri. Mwambie, mamangu amekupa kazi ya somo. Mwambie kwetu kazi hiyo hapewi mtu hivi hivi. Tangu hapo mwambie utakalo, mlilie utakavyo, na mimi nikipiga simu sitauliza mmesema nini. Nitataka kuuliza. Nitauma kanga yangu nisiulize. Lakini kilichomo siniani ni kazi ya somo peke yake. Umama sikuutia. Siku ukimwita mama nami nikasikia, hata kwa mzaha, utaona goti litakavyopona nije huko kwa miguu.

Na kwa kuwa somo wako hawajui watu wetu, moja nitakwambia mwenyewe, haya nimeiweka kando. Yule kijana wa Bidiya usimfanye mungu. Ndani ya wimbo mwache awe nani atakavyo, apande meli, akuache kisiwani, umlaani kwa Kitaliana mpaka watu walie. Ukishashuka jukwaani yeye ni mtoto wa watu aliyemwogopa mamake, basi. Kumpenda kwako hakukuwa kosa. Kosa ni langu, kwamba ulilia mwaka mzima ukuta mmoja nami, na ulipata pa kulaza kichwa Sur. Ningependa kukwambia wivu huo umekwisha kwa kuwa nimeuandika. Haukwisha. Naandika na unaniwaka hapa kifuani, na kesho nitampa yule bibi mkono nikiwa nao, na nitampa kweli.

Nilikuwa nimeanza kukuomba uniimbie wimbo wa kisiwani usiku huu, mimi peke yangu. Niliandika mstari, nikaukata, utauona hapo juu ya ukurasa. Ningekuwa nakwambia uchague, mimi au yeye, na mtihani huo ni mgumu kuliko wa chuo. Usiimbe. Linda koo lako. Sauti yako itafunguka huko kwao na wa kwanza kuisikia atakuwa yeye, hilo sina la kulifanya. Lakini aliyekatazwa ni wewe. Mimi hakuna aliyenikataza. Sauti ya mwisho utakayoisikia kwenu nataka iwe yangu, mbovu kama ilivyo. Naitia barua hii chini ya mlango wako. Isome mpaka mwisho, halafu sogea upande wa ukutani, nami naingia sasa hivi nikuimbie. Na usicheke, mwanangu. Umeambiwa usitoe sauti.

Mamako wa kukuzaa,

Salma